Klachi ya mafuta isiyokata: pima fimbo kwanza, toa upepo baadaye

Gari ni la zamani, na siku moja gia ya kwanza inagoma kuingia. Unalazimisha, inaingia kwa kishindo. Rivasi inasaga. Ukizima injini, gia zote zinaingia bila shida. Dalili hii ya mwisho ndiyo yenye maana kuliko zote, kwa sababu inaonyesha kwamba giaboksi yenyewe huenda haina kosa. Klachi haikati: unakanyaga pedali mpaka chini, lakini injini bado inaizungusha giaboksi.

Hapo wengi hukimbilia moja kati ya mambo mawili. Kuna anayeshusha giaboksi na kununua seti nzima ya klachi, na kuna anayeanza kutoa upepo, yaani hewa iliyonaswa ndani ya mafuta, akatoa mpaka chupa ya mafuta ikaisha na pedali ikabaki vilevile. Wote wawili wanaweza kubahatisha wakapatia. Lakini klachi ya mafuta ni mfumo mfupi mno, wenye silinda mbili, paipu na hozi, na kipimo kimoja cha rula kinaweza kukuambia tatizo liko upande gani kabla hujafungua bolti hata moja.

## Kazi yote hufanywa na mafuta kidogo sana

Ukikanyaga pedali, fimbo inasukuma pistoni ya silinda ya juu, ile ambayo mafundi huiita masta. Pistoni hiyo inasukuma mafuta ya breki kwenye paipu ya chuma, yakapita kwenye hozi ya mpira hadi silinda ya chini, iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi. Pistoni ya huko chini inatoka na fimbo yake na kusukuma uma, uma unasukuma beringi ya klachi, beringi inabonyeza vidole vya presha pleti (bamba la chemchemi linaloibana pleti ya klachi kwenye flaiwili, gurudumu zito linalozungushwa na injini), na pleti ya klachi inaachiwa huru.

Sasa tazama ukubwa wa kazi hiyo kwa tarakimu. Chukua masta yenye kipenyo cha inchi 5/8, yaani karibu milimita 15.9, na silinda ya chini ya inchi 13/16, karibu milimita 20.6. Pistoni ya masta ikisafiri milimita 25, inasukuma takriban mililita 5 za mafuta, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Na kwa kuwa silinda ya chini ni pana zaidi, mililita hizo 5 zinaisogeza fimbo yake karibu milimita 15 tu.

Ingiza upepo wa mililita moja humo. Mafuta hayabonyei kwa kiasi cha kuonekana, ila upepo unabonyea karibu wote. Mililita moja kati ya tano inaishia kuubana upepo na haiufikii uma. Fimbo ya chini inapoteza milimita 3 kati ya 15, na mara nyingi hizo tatu ndizo zilizokuwa zikitenganisha pleti na flaiwili. Hesabu hiyohiyo inaihusu pini iliyolika pale kwenye pedali: fimbo ya masta ikipoteza milimita 5 kwa sababu ya pini na tundu vilivyopanuka, hasara yake ni sawa kabisa na ile mililita moja ya upepo. Utoe upepo utakavyo, hutairudisha.

## Rula chini ya gari

Weka gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, zuia magurudumu. Ukilinyanyua, liweke juu ya stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Injini iwe imezimwa.

Mtu mmoja anakaa kwenye usukani. Wewe uko chini, mahali unapoona uma na silinda ya chini. Fimbo mara nyingi imefunikwa na raba ya vumbi, kwa hiyo chora alama ya chaki kwenye ncha ya uma, kisha pima umbali kutoka alama hiyo hadi mahali pasiposogea kwenye giaboksi. Mwambie mwenzako akanyage polepole mpaka mwisho na ashikilie. Pima tena. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo mwendo wa fimbo.

Kitabu cha gari lako kikitaja mwendo unaotakiwa, fuata hicho. Kama huna kitabu, piga hesabu mwenyewe: pima pistoni ya masta inasafiri kiasi gani, kisha gawanya kipenyo cha masta kwa kipenyo cha silinda ya chini, tafuta mraba wa jibu hilo, na uuzidishe kwa mwendo huo. Silinda nyingi za zamani zina kipenyo kimechongwa au kuchapwa ubavuni mwa chuma. Futa uchafu utakiona. Kwa mfano wetu, 15.9 gawanya kwa 20.6 ni kama 0.77, mraba wake ni karibu 0.6, na 25 mara 0.6 ni 15.

Usimruhusu mwenzako aachie pedali bado. Akae hivyohivyo dakika nzima huku wewe ukitazama ile alama. Mambo matatu yanaweza kutokea: mwendo ni mfupi tangu mwanzo, au ni kamili lakini alama inarudi polepole ilikotoka ilhali mguu haujaondoka, au ni kamili na hausogei. Kila moja lina njia yake.

## Mwendo ni mfupi

Anza juu, ndani ya gari, kwa sababu ndiko watu wasikotazama. Inua zulia. Mazulia yaliyorundikwa chini ya pedali yanaweza kukata mwendo wote wa mwisho. Shika pedali kwa mkono uitikise: ukisikia inagonga kabla fimbo haijaanza kusogea, tazama pini inayounganisha pedali na fimbo, na tundu lake. Tundu lililokuwa duara sasa ni la yai. Zile plei, yaani nafasi ya kucheza, za milimita chache ambazo kitabu kinazidai ni za lazima, lakini zinatoka kwenye marekebisho ya fimbo, hazitakiwi kutoka kwenye chuma kilicholika.

Kisha fungua boneti na umwombe mwenzako akanyage tena huku wewe ukikodolea macho mwili wa masta. Ukiona masta nzima inasogea mbele kila pedali inapokanyagwa, ukuta wa chuma ulioishikilia umechoka au umepasuka kwenye mikunjo. Kwenye magari ya umri mkubwa jambo hili si adimu, na ni kazi ya kuchomelea na kuimarisha, haina uhusiano na mafuta.

Sasa tafuta uvujaji. Pitisha kidole juu ya fimbo ya masta pale inapotokea ukutani, kwa upande wa miguu ya dereva. Pakiwa na unyevu, rangi iliyobabuka au zulia linaloteleza, raba ya nyuma ya masta imekwisha. Chini, vuta mdomo wa raba ya vumbi ya silinda. Unyevu mdogo sana unaweza kuvumilika kwa muda. Mafuta yakimwagika unapoivuta, silinda hiyo haina maisha. Kama silinda ya chini ya gari lako imo ndani ya nyumba ya klachi, ikizunguka shafti ya giaboksi, hutaiona. Matone ya mafuta ya breki chini ya nyumba ya klachi ndiyo yatakayokuambia, na hapo giaboksi itashuka upende usipende.

Kikopo cha mafuta nacho kina ushahidi wake, na hapa klachi ni kinyume cha breki. Breki zikilika, mafuta kwenye kikopo chake yanashuka hata bila uvujaji wowote. Kwenye klachi inayojirekebisha yenyewe, kadiri pleti inavyolika vidole vya presha pleti vinaisukuma pistoni ya chini irudi ndani, na mafuta yanapanda kidogo. Kwa hiyo mafuta ya klachi yakishuka, yanavuja mahali fulani. Usiongeze tu ukaendelea na safari. Na kama gari lako linatumia kikopo kimoja kwa breki na klachi, tundu la klachi kwa kawaida liko juu zaidi ili klachi ikaukiwe kabla ya breki. Klachi kufa ghafla kwenye gari la namna hiyo ni onyo kuhusu breki zako, kazitazame siku hiyohiyo.

Hozi ya mpira inashikwa kwa mkono. Izungushie vidole wakati mwenzako anakanyaga. Ukihisi inavimba, inakula sehemu ya kile kijiko cha mafuta. Hozi ya umri mkubwa yenye nyufa ibadilishwe tu, bila mjadala.

Kama yote haya ni mazima na pedali ni laini mwanzoni, kisha inapanda na kuwa ngumu ukiipampu haraka mara kadhaa, una upepo. Lakini upepo hauji wenyewe kwenye mfumo uliofungwa. Kama hakuna aliyefungua paipu wala kikopo hakijawahi kukauka, jiulize upepo huo umepitia wapi. Mara nyingi ni kwenye raba zilezile zinazoelekea kuanza kuvuja.

## Mwendo ni kamili, kisha unarudi

Hii ni masta karibu kila mara. Raba kuu ya pistoni inaruhusu mafuta yapite pembeni yake kurudi kikoponi. Hakuna tone linaloanguka chini, kikopo kimejaa, na ndiyo maana inawapoteza wengi. Dereva anaijua kwa tabia yake: kwenye foleni, ameshikilia pedali chini na gia ya kwanza imeingia, gari linaanza kujivuta lenyewe. Akikanyaga haraka gia inaingia vizuri, akikanyaga taratibu inasaga. Mkanyago wa haraka unaufungua mdomo wa raba ukabana ukuta wa silinda. Mkanyago wa taratibu unayapa mafuta muda wa kupenya.

Ukitaka uhakika, fungua paipu kwenye masta na uzibe tundu hilo kwa bolti yenye nyuzi sahihi na washa ya shaba, kisha toa upepo uliobaki hapo kwa kulegeza bolti kidogo huku pedali ikikanyagwa. Sasa kanyaga kwa mguu mzito. Pedali inapaswa kugoma karibu na juu na kubaki hapo. Ikizama, masta imehukumiwa. Ikigoma, masta ni nzima na tatizo liko mbele yake. Wapo wanaoibana hozi kwa koleo badala ya kuziba masta. Kwa hozi ya zamani sishauri, kwa sababu unaweza kuuvunja mpira wa ndani ukaondoka na tatizo jipya.

Kuhusu kubadilisha raba peke yake au silinda nzima, amua kwa kucha. Safisha ukuta wa ndani wa silinda, upitishe ukucha wa kidole. Ukikwama kwenye shimo la kutu au mkwaruzo, raba mpya haitadumu hapo. Ukuta ukiwa laini, raba mpya zinatosha. Zipakwe mafuta safi ya breki wakati wa kuziingiza, kamwe si grisi ya kawaida. Ikiwa raba za juu zimekufa kwa uzee, za chini ni za umri uleule na zimekula uchafu uleule. Mimi hutengeneza zote mbili kwa pamoja, hata kama ya chini bado ni kavu.

## Mafuta yenyewe

Soma kifuniko cha kikopo kabla ya kumimina chochote. Magari mengi yanatumia DOT 3 au DOT 4, ambayo ni madaraja ya mafuta ya breki. DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi na DOT 4 nyuzi 230, na zikishanyonya maji viwango vya chini kabisa vinavyokubalika ni 140 na 155. Zinanyonya unyevu kutoka hewani, kwa hiyo chupa iliyofunguliwa na kusahauliwa rafuni si ya kutumiwa tena. DOT 5 ni ya silikoni, mara nyingi ya zambarau, wala haichanganywi na hizo nyingine. DOT 5.1, licha ya jina lake, iko katika familia ya DOT 3 na 4.

Yapo magari machache ambayo mfumo wake ulitengenezwa kwa mafuta ya madini, kama LHM ya kijani ya Citroën. Raba za mfumo mmoja huharibiwa na mafuta ya mwingine. Vivyo hivyo usioshe silinda kwa petroli, dizeli wala mafuta ya taa, kwani raba zitavimba. Spiriti ya kusafishia au mafuta safi ya breki yanatosha.

Mafuta yakitoka meusi, huo ni unga wa raba na kutu. Na kumbuka kuwa mafuta ya breki hula rangi ya gari: yakidondoka, mwaga maji mengi papo hapo. Vaa miwani ukiwa chini.

## Kutoa upepo

Nipeli, ile skrubu ndogo yenye tundu katikati iliyo kwenye silinda ya chini, ndiyo sehemu inayovunjika kirahisi kuliko zote. Isugue kwa brashi ya waya, inyunyizie mafuta ya kulegeza kutu siku moja kabla, na tumia spana ya duara, siyo ya mdomo wazi. Ikigoma, igonge kidogo kwa nyundo juu yake na ujaribu kuikaza kiduchu kabla ya kuilegeza. Usiitundikie bomba refu kwenye spana.

Ingiza mrija wa plastiki unaopitisha mwanga kwenye nipeli, na ncha nyingine uizamishe kwenye chupa yenye mafuta safi kiasi. Nyanyua mrija upande juu kwanza kutoka kwenye nipeli kabla haujashuka chupani, ili upepo uliotoka usirudi. Jaza kikopo, kiache kifuniko juu bila kukikaza.

Kabla ya kumwita mtu wa kukanyaga, jaribu uzito wa mafuta wenyewe. Fungua nipeli nusu mzunguko na uache yatiririke taratibu. Kwa mfumo mfupi kama huu, dakika 10 za kungoja mara nyingi hutoa sehemu kubwa ya upepo bila kelele. Ongeza kikoponi kadiri yanavyoshuka. Kikopo kikikauka, umeanza upya.

Ukifika kwenye kukanyaga, maneno kati ya mtu wa juu na wa chini yawe machache na yajibiwe. "Kanyaga." "Nimekanyaga, nimeshikilia." Unafungua nipeli, mafuta yanatoka, pedali inazama. Unafunga. "Achia." "Nimeachia." Pedali iinuliwe polepole, hata kwa mkono, kwa sababu kurudi kwa kasi huvuta upepo kupita kwenye midomo ya raba, hasa za zamani. Usipampu pedali kwa fujo kabla ya kufungua. Unakivunja kiputo kimoja kikubwa kuwa povu la viputo vidogo ambavyo vitachukua muda mrefu kupanda. Ukiona povu, ondoka, uache gari litulie nusu saa, kisha rudi.

Pampu ya kuvuta kwa upande wa nipeli inafanya kazi, ila inadanganya: huvuta hewa kupitia nyuzi za nipeli, ukaona viputo visivyokwisha ilhali ndani ni mafuta matupu. Mimi napendelea kinyume chake, kusukuma mafuta kutoka chini kwenda juu. Chukua sindano kubwa mpya, ijaze mafuta safi, toa hewa yote iliyomo pamoja na mrija wake, unganisha na nipeli, fungua, sukuma polepole. Upepo unataka kupanda. Njia hii inausaidia kwenda unakotaka. Punguza mafuta kikoponi kwanza, la sivyo yatafurika juu ya rangi. Na usiitumie kama mafuta ya zamani ni meusi, kwa kuwa utaupeleka uchafu wote kwenye vitundu vya masta. Yatoe machafu kwanza kwa kuyashusha chini.

## Upepo unaogoma kutoka

Umetoa, umetoa tena, mrija hauna kiputo hata kimoja, na rula bado inasoma pungufu. Upepo upo, lakini umejificha mahali ambapo mkondo wa mafuta unaupita bila kuubeba.

Tazama kwanza kama nipeli iko juu ya tundu linaloingizia mafuta kwenye silinda ya chini. Silinda nyingine zinaweza kufungwa zikiwa zimepinduliwa, au ukauziwa iliyokusudiwa upande mwingine wa giaboksi. Nipeli ikiwa chini, upepo utabaki juu daima.

Pili, fuata paipu kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho. Mahali popote inapopanda kisha ikashuka ni makao ya kiputo, na mkanyago unaosukuma mililita 5 tu unakisogeza kidogo halafu kinarudi kilipokuwa. Legeza nati ya paipu iliyo karibu na kilele hicho na utoe upepo hapo. Magari mengine yana kifaa cha kupunguza mtetemo katikati ya njia, chenye nipeli yake. Hiyo hutolewa upepo pia, na wengi huiruka kwa kutojua kwamba ipo.

Tatu, masta iliyofungwa kwa kuinamia nyuma, pua yake ikiwa juu, huhifadhi upepo puani, mbali na kitundu cha kikopo. Zungushia kitambaa, legeza nati ya paipu kwenye masta, kanyaga taratibu, kaza, achia. Rudia mpaka yatoke mafuta matupu. Au nyanyua nyuma ya gari kwa stendi mpaka masta ilale sawa, kisha ukanyage kwa mikanyago mifupi ya sentimita moja au mbili huku ukitazama viputo vinavyopanda kikoponi.

Haya yote yakishindwa, ifungue silinda ya chini kutoka kwenye giaboksi bila kuifungua kwenye hozi. Ishike nipeli ikiwa mahali pa juu kabisa, na isukume pistoni yake ndani mpaka mwisho kwa kidole gumba au kipande cha mti. Nafasi yote iliyokuwa na upepo sasa imebaki finyu, na mafuta pamoja na viputo vinapanda hadi kikoponi. Iachie irudi polepole, sukuma tena. Nimeona njia hii ikimaliza kazi iliyoshinda njia nyingine zote. Sharti ni moja: mtu asiguse pedali wakati silinda iko nje, kwa maana pistoni itaruka na mafuta yatamwagika. Ifunge kwa waya kama huna uhakika na aliyekaa juu.

## Mwendo ni kamili na haurudi, lakini klachi bado haikati

Hapa acha mafuta kabisa. Rula imekwisha kukuambia kuwa kazi ya majimaji inafanyika, na mafuta mapya hayatabadilisha kitu.

Gari lililosimama muda mrefu mahali penye unyevu linaweza kuwa na pleti iliyogandana na flaiwili kwa kutu. Ishara yake ni kwamba klachi ilikuwa nzima siku ya kuegeshwa. Beringi ndogo ya katikati ya flaiwili ikikwama, inaizungusha shafti ya giaboksi hata pleti ikiwa huru. Uma uliopinda au ekseli yake iliyolika humeza mwendo kati ya fimbo na beringi. Utaona ncha ya nje inasafiri vizuri, ya ndani haifuati. Na kama tatizo lilianza mara tu baada ya klachi mpya kufungwa, shuku pleti iliyowekwa ikitazama upande usiofaa, au flaiwili iliyochongwa sana. Yote hayo yanadai kushusha giaboksi, lakini sasa unaishusha ukijua sababu.

## Klachi inateleza

Dalili hii ni ya upande wa pili: mlimani, gia ya juu, unakanyaga mafuta, injini inapanda sauti na gari halipandi mwendo. Kwa kawaida ni pleti iliyokwisha, au iliyolowa oili kutoka sili (raba ya kuzuia oili) ya nyuma ya krenki, shafti kuu ya injini, au sili ya mbele ya giaboksi. Lakini kabla ya kuamini hivyo, jua kuwa mfumo wa mafuta unaweza kuishikilia klachi nusu wazi bila mguu wa mtu.

Masta ina kitundu kidogo kinachoruhusu mafuta kurudi kikoponi pedali ikiwa juu. Fimbo ikirekebishwa bila plei yoyote, pistoni hairudi mpaka mwisho na kitundu kinabaki kimezibwa. Uchafu nao unaweza kukiziba. Mafuta yaliyofungiwa hupanuka kwa joto la injini na kuusukuma uma, ndiyo maana gari huwa zima asubuhi na kuteleza baada ya mwendo wa kutosha. Hozi ambayo mpira wake wa ndani umebomoka hufanya jambo linalofanana: mguu wenye nguvu unayapitisha mafuta kwenda, lakini chemchemi za klachi haziwezi kuyarudisha kwa haraka ileile.

Endesha mpaka ianze kuteleza, simama, zima injini, zuia magurudumu, kisha legeza nipeli ya chini. Mafuta yakiruka kwa shinikizo na uma ukarudi nyuma, pleti yako huenda haina kosa. Ili kujua ni masta au hozi, funga nipeli, rudia safari, na safari hii legeza nati ya paipu kwenye masta badala ya nipeli. Uma ukiachia hapo, kosa ni kitundu au plei ya fimbo. Usipoachia hapo, lakini ukaachia unapofungua nipeli, badilisha hozi.